Upasuaji wa kujifungua wa Kahura, 1879: mama yule alipona kwa nini?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa ukunga, mwaka wa pili. Katika kundi letu la masomo kuna mchoro unaozunguka: mganga wa Bunyoro anampasua mama tumbo ili mtoto atoke, na chini pameandikwa kwamba Waafrika waliweza operesheni ya uzazi kabla ya Wazungu. Mwalimu wetu anasema hizo ni chumvi. Je, kisa ni cha kweli? Walifanyaje bila nusukaputi, bila nyuzi wala antibiotiki, na mama akapona? Na kama Ulaya walikuwa na hospitali na madaktari, mbona wanawake wao walikufa? Halafu, mama kama yule angeweza kubeba mimba nyingine salama?

Jibu: Dada, kisa kina shahidi aliyekiona kwa macho yake, na ameeleza kwa undani kiasi kwamba kila hatua inaweza kupimwa kwa elimu ya leo. Ukiipima hivyo, inasimama. Chumvi ipo kwenye yale maneno ya "kabla ya Wazungu", na hapo mwalimu wako ana haki ya kuuliza. Hata hivyo ukiliacha dai hilo pembeni, kinachobaki kina faida kubwa zaidi kwa mkunga: kazi ya mpasuaji yule inaonyesha wazi ni mambo gani humwua mama anayepasuliwa, na ni mambo gani humwokoa.

Mchoro mnaousambaza ulichapishwa Edinburgh mwaka 1884, katika jarida la madaktari wa mji huo. Mwandishi ni Robert Felkin, Mwingereza aliyezaliwa 1853, aliyefika Uganda na wamisionari wa Church Missionary Society kabla hajamaliza masomo yake ya udaktari. Upasuaji aliushuhudia mwaka 1879 mahali anapopaita Kahura, katika himaya ya Bunyoro-Kitara, magharibi mwa Uganda ya leo, enzi za Omukama (mfalme) Kabalega. Makala yake ilihusu uzazi katika Afrika ya Kati kwa jumla. Kuhusu upasuaji anasema kwamba, kwa kadiri alivyojua, Uganda ndiyo nchi pekee ya ukanda ule ambako mama hupasuliwa kwa nia ya kuwaokoa wote wawili, kwamba kazi hiyo ni ya wanaume, na kwamba hufanikiwa mara nyingine. Hakudai kwamba kila aliyepasuliwa alipona.

Sasa upasuaji wenyewe. Mama alikuwa na umri wa kama miaka 20, mimba ya kwanza. Alilazwa juu ya kitanda chenye mwinamo, upande wa kichwani ukiwa umeegemea ukuta wa nyumba. Alikuwa amenyweshwa pombe ya ndizi hadi akawa nusu mlevi. Ukanda wa kitambaa cha gome la mti ulimfunga kifuani, mwingine mapajani. Mtu mmoja alimshika vifundo vya miguu, na mwingine, aliyesimama kuume kwake, alilishika tumbo lisiyumbe. Mpasuaji alisimama kushoto, kisu mkononi, akinuizia. Alinawa mikono na kuliosha tumbo la mama, kwanza kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Akapiga ukelele, umati uliokuwa nje ukaupokea, naye akakata.

Mkato ulikuwa mmoja, wa wima, katikati ya tumbo, kuanzia juu kidogo ya kinena hadi chini tu ya kitovu. Kwa mkato huo alipita ukuta wote wa tumbo na sehemu ya ukuta wa mfuko wa uzazi, na maji ya uzazi yakamwagika. Msaidizi aligusa sehemu chache zilizokuwa zikivuja damu kwenye ukuta wa tumbo kwa chuma cha moto. Mpasuaji akamalizia upesi kuufungua mfuko wa uzazi, huku msaidizi akizitanua kingo za tumbo kwa mikono miwili, na mara mfuko ulipofunguka akaunasa nao kwa vidole viwili. Mtoto akatolewa, kitovu kikakatwa, akapokelewa na msaidizi mwingine.

Kuanzia hapo soma polepole. Mpasuaji alikitupa kisu, akaushika mfuko wa uzazi kwa mikono miwili na kuukamua mara moja au mbili. Akaingiza mkono wa kulia ndani ya mfuko kupitia jeraha, na kwa vidole viwili au vitatu akaupanua mlango wa kizazi kutoka ndani kwenda nje. Akaondoa mabonge ya damu pamoja na kondo la nyuma, ambalo lilikuwa limekwisha kubanduka lenyewe. Msaidizi alijitahidi kuzuia matumbo yasitoke, na Felkin anasema wazi kwamba hakufanikiwa sana. Chuma cha moto kilitumika tena kwenye jeraha la tumbo, lakini kwa uchache. Muda wote huo mpasuaji hakuuachia mfuko wa uzazi. Aliendelea kuubana hadi ukakaza kabisa. Haukushonwa.

Kisha mkeka wa majani wenye matundu ukawekwa juu ya jeraha na kushikiliwa, kanda zikakatwa, na mama akageuzwa taratibu mikononi mwa wasaidizi hadi akaelekea chini, ili damu na maji yaliyobaki tumboni yachuruzike sakafuni. Akarudishwa chali. Kingo za jeraha, pamoja na utando wa ndani wa tumbo, zikakutanishwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizosuguliwa zikang'aa, zikafungwa kwa uzi wa gome la mti. Juu ya jeraha ikapakwa kwa wingi dawa ya mizizi ya aina mbili iliyotafunwa na kutemwa kwenye bakuli, ikafunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na yote yakafungwa kwa kitambaa cha gome kilichokazwa. Mama hakulia hata mara moja mpaka pini zilipoanza kuingia. Saa moja baadaye alionekana ametulia.

Saa mbili baada ya upasuaji mtoto aliwekwa kifuani, lakini kwa siku kumi maziwa ya mama yalikuwa machache, kwa hiyo mara nyingi alinyonyeshwa na rafiki wa mama. Joto la mwili halikupita nyuzi 37.6 za Selsiasi, isipokuwa usiku wa pili lilipofika 38.3 na mapigo ya moyo yakawa 108 kwa dakika. Jeraha lilifunguliwa asubuhi ya tatu na pini moja ikatolewa, tatu zikatolewa siku ya tano, na zilizobaki siku ya sita. Kila lilipofunguliwa liliwekewa dawa mpya, na usaha kidogo uliokuwepo ukafutwa. Siku ya 11 jeraha lilikuwa limefunga lote, na siku hiyo Felkin akaondoka. Mtoto naye alikuwa na mkato mdogo kwenye bega la kulia, ambao ulipona kwa siku nne. Usimlaumu mpasuaji sana kwa hilo. Hata katika vyumba vya upasuaji vya leo, mtoto mmoja au wawili katika kila mia hukwaruzwa na kisu.

Ukiniuliza ni hatua gani iliyomwokoa mama yule, nitakuambia ni ile ya kuukamua mfuko wa uzazi na kutouachia. Mimba ikitimiza miezi yake, damu inayopita kwenye mfuko wa uzazi hufikia kama mililita 500 hadi 700 kwa dakika. Mfuko ukilegea baada ya kondo kubanduka, mama anaweza kuisha damu kwa muda mfupi mno, na hakuna chuma cha moto kitakachomsaidia, kwa sababu damu inatoka kwenye eneo lote pana ambako kondo lilishikamana. Kinachoifunga ni msuli wenyewe. Nyuzi za msuli wa mfuko wa uzazi zimesukana kama ukili wa mkeka, na mishipa ya damu hupita katikati yake. Msuli ukikaza, mishipa yote hubanwa kwa pamoja. Mpasuaji wa Kahura alikijua kitu hiki kwa mikono yake. Wewe unakifanya kila siku wodini unapousugua mfuko wa uzazi baada ya kondo kutoka, ila una oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko, uniti 10 za kukusaidia, naye alikuwa na mikono tu.

Ona pia walivyokitumia chuma cha moto. Walichoma mishipa ya ukuta wa tumbo peke yake, na kwa uchache. Nyama iliyoungua ni nyama iliyokufa, na bakteria hustawi humo bila kusumbuliwa na kinga ya mwili. Anayechoma ovyo huzuia damu leo na kuleta usaha keshokutwa. Felkin aliona kiasi hicho kidogo na akakiandika. Kwangu ni alama ya mtu aliyewahi kuona matokeo ya kuzidisha.

Pombe ya ndizi watu hupenda kuikuza kwa namna isiyo sahihi. Inasemwa kwamba mpasuaji alitumia spiriti kuua vijidudu. Pombe yoyote inayochachuka yenyewe, iwe hiyo ya Bunyoro au rubisi ya Kagera, haiwezi kupita takribani asilimia 15 ya alkoholi, kwa maana chachu yenyewe hufa, na kwa kawaida huwa chini ya hapo sana. Alkoholi inayoua bakteria kwenye ngozi inatakiwa kuwa kati ya asilimia 60 na 90. Kwa hiyo ile pombe haikuua kitu cha kutajwa. Faida yake ilikuwa katika kuosha kwenyewe: mikono na tumbo vilioshwa kwa maji ya aina mbili kabla ya kisu, na uchafu mwingi huondoka kwa kusuguliwa na kusuuzwa. Tukumbuke kwamba Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna wanawe mikono kwa maji ya klorini mwaka 1847, vifo vya akina mama waliojifungua wodini kwake vikashuka, na bado wenzake wengi walimkataa. Joseph Lister alitangaza njia yake ya kuua vijidudu vya jeraha kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867, na miaka kumi baadaye kulikuwa na wapasuaji wakubwa Ulaya ambao hawakuwa wameikubali. Mtu aliyenawa kabla ya kukata mwaka 1879, kwa sababu yoyote ile aliyokuwa nayo, alikuwa upande ulio salama.

Kuna jambo jingine linalopita haraka kwenye maelezo yale, nalo lina uzito: kisu kilipopenya, maji ya uzazi yalimwagika. Yaani ndani ya mfuko bado kulikuwa na maji ya kutosha kuonekana yakitoka. Mama ambaye chupa ilipasuka siku mbili zilizopita, akapimwa njia na watu sita, hana maji ya kumwagika. Ana uchafu uliopanda juu na mfuko ambao tayari una maambukizi. Mimi nasoma hapo kwamba mama wa Kahura hakucheleweshwa hadi akaoza ndani. Alipasuliwa akiwa bado na nguvu.

Kumgeuza mama ili tumbo lichuruzike ni hatua nzuri kuliko inavyoonekana. Damu na maji yaliyobaki kati ya matumbo ni chakula cha bakteria. Leo tunafuta kwa vitambaa safi na kufyonza kwa mashine. Yeye alitumia uzito wa maji yenyewe. Mkeka wenye matundu uliruhusu maji yapite na matumbo yabaki ndani. Kifaa hicho kilikuwa tayari, na wasaidizi walijua pa kukishika.

Pini nazo ni teknolojia kamili. Pini hupita upande mmoja wa jeraha na kutokea upande wa pili, kisha uzi huzungushwa kwenye ncha zake mbili, na kingo hukaa zimebanana bila uzi wenyewe kupita ndani ya nyama. Wapasuaji wa Ulaya waliifahamu njia ya namna hii na waliitumia hasa kushona midomo iliyopasuka ya watoto. Faida yake ni kwamba chuma kilichosuguliwa hakinyonyi majimaji, tofauti na uzi wa nyuzinyuzi ambao hunyonya usaha na kuupeleka ndani. Pini zikiachwa muda mrefu hukata ngozi na kuacha matundu yanayooza. Ndiyo maana alianza kuzitoa siku ya tatu na akamaliza siku ya sita, huku kitambaa kilichokazwa kikichukua kazi ya kulishikilia tumbo.

Jani la mgomba lililopashwa moto ni kifuniko cha akili. Moto hulilainisha lisipasuke na hupunguza vijidudu juu yake, na uso wake laini haugandi kwenye jeraha, kwa hiyo likiondolewa halichubui nyama changa. Hospitali za India zimelitumia katika nyakati zetu hizi kufunikia majeraha ya moto, baada ya kulitakasa kwa mvuke.

Hatua moja siwezi kuitetea, nayo ni kutafuna mizizi na kupaka mate ya mtu kwenye jeraha bichi. Kinywa cha binadamu kimejaa bakteria, wakiwemo wa jamii ya streptokokasi, wale wale wanaoua akina mama waliojifungua. Inawezekana mizizi ilikuwa na utomvu wa kuzuia bakteria, na ngozi ilikuwa imeshabanwa kwa pini kabla dawa haijapakwa, kwa hiyo mate hayakuingia tumboni. Hata hivyo homa ya usiku wa pili na usaha mdogo wa siku zilizofuata vinatosha kuonyesha kwamba jeraha halikuwa safi kabisa. Alipona pamoja na hatua hiyo.

Kuhusu maumivu: pombe ilimlegeza, kanda zikamzuia, na kasi ikapunguza muda wa mateso. Hiyo si nusukaputi, na mama mlevi aliyelala chali anaweza kutapika na kuvuta matapishi mapafuni. Lakini kuna upande wa pili ambao wanafunzi huushangaa. Klorofomu, dawa ya nusukaputi ambayo James Young Simpson aliianzisha kwenye uzazi huko Edinburgh mwaka 1847, hulegeza mfuko wa uzazi ikitolewa kwa kina, na vivyo hivyo etha, dawa nyingine ya nusukaputi. Mama wa Ulaya aliyelala usingizi mzito wa klorofomu hakusikia maumivu, ila mfuko wake ulikuwa mzito kukaza. Wa Kahura ulikaza vizuri mikononi mwa mpasuaji.

Sasa mbona Ulaya walikufa? Kufikia 1865, katika Uingereza na Ireland, takriban akina mama 85 kati ya 100 waliopasuliwa walifariki. Paris inasemekana kwamba kati ya 1787 na 1876 hakuna hata mmoja aliyepasuliwa akapona. Sababu ya kwanza ni kuchelewa. Kwa kuwa upasuaji ulihesabiwa kuwa kifo, uliachwa hadi mwisho: mama anakaa na uchungu siku mbili, tatu, anapimwa njia mara kwa mara kwa mikono isiyonawiwa, anajaribiwa koleo la kumvuta mtoto, wakati mwingine wanajaribu hata kumvunja mtoto kichwa ili atoke vipande. Akifika kwenye kisu amekwisha ishiwa nguvu na mfuko umeshaambukizwa. Wengi wao walikuwa na nyonga iliyopindika kwa matege ya utotoni, ugonjwa wa kukosa jua na vitamini D, uliokuwa mwingi katika miji ya viwanda, kwa hiyo mtoto hakuwa na njia ya kupita tangu mwanzo na muda wote ule ulikuwa wa bure.

Daktari mmoja wa Philadelphia, Robert Harris, aliliona hili akalitolea ushahidi wa ajabu mwaka 1887. Alikusanya visa 9 vya wajawazito waliopasuliwa tumbo na mfuko wa uzazi kwa pembe za ng'ombe. Watano walipona. Matokeo hayo yalikuwa bora kuliko ya wapasuaji wengi wa mijini wa wakati wake. Mwanamke anayepigwa pembe shambani ana nguvu zake zote, hajapimwa njia na mtu yeyote, na hajakaa na uchungu siku tatu. Harris alisisitiza kwamba ukiamua kupasua, pasua mapema.

Sababu ya pili ni jeraha la mfuko wa uzazi. Kama mpasuaji wa Kahura, madaktari wa Ulaya nao kwa kawaida hawakulishona. Waliamini msuli utajibana wenyewe, na waliogopa uzi ambao hauwezi kutolewa tena baada ya tumbo kufungwa. Mfuko ukikaza vizuri, jeraha hubanwa kwa kiasi fulani. Ukilegea, damu na majimaji yenye maambukizi humwagika tumboni, utando wa tumbo huoza, na mama hufa siku ya tatu au ya nne. Eduardo Porro wa Pavia, Italia, aliamua mwaka 1876 kuukata na kuuondoa mfuko baada ya kumtoa mtoto, na kisiki kilichobaki akakishonea kwenye jeraha la tumbo ili kivujie nje. Mama wa kwanza, Julia Cavallini, alipona. Hata hivyo katika miaka ya mwanzo zaidi ya nusu ya waliofanyiwa hivyo walikufa, na waliobaki hawakuzaa tena. Aliyefungua njia ya kweli ni Max Sänger wa Leipzig mwaka 1882: alishona ukuta wa mfuko kwa tabaka mbili, waya wa fedha kwenye msuli na hariri juu yake, bila nyuzi kuingia ndani ya uwazi wa mfuko. Pamoja na usafi wa Lister, vifo vikaanza kushuka.

Kwa msingi huo, usiandike kwamba Bunyoro waliiweza operesheni hii kabla ya Ulaya. Ulaya kuna mama mmoja mmoja waliopona karne nyingi nyuma. James Barlow alimpasua mama huko Lancashire mwaka 1793 na mama akaishi. Hapa Afrika, Dakta James Barry wa jeshi la Uingereza alimpasua mama Cape Town mwezi Julai 1826, mama na mtoto wakapona wote. Unachoweza kuandika bila kusitasita ni kwamba mwaka 1879, wakati mama aliyepasuliwa Ulaya alitarajiwa kufa, shahidi mwenye mafunzo ya udaktari alimwona mpasuaji wa Bunyoro akifanya kazi hii kwa utaratibu uliokomaa, na siku 11 baadaye mama na mtoto walikuwa hai.

Mwalimu wako anaweza kusema: shahidi ni mmoja, kijana, na alichapisha miaka mitano baadaye. Ni kweli, na wapo wanahistoria walioshuku kwa sababu hizo. Mimi naipa uzito namna alivyoandika. Mtu anayetunga kisa cha kusifia hataji matumbo yaliyotoka, bega la mtoto lililokatwa, maziwa yaliyokosekana na homa ya usiku wa pili. Zaidi, wasaidizi walikuwa na kazi zilizogawanywa, pini zilikuwa zimesuguliwa kabla, mkeka ulikuwa tayari, na kila mmoja alijua zamu yake. Utaratibu wa namna hiyo hauzuki siku moja. Umetokana na kurudiwa. J. N. P. Davies, mtaalamu wa patholojia aliyefundisha Makerere, aliandika mwaka 1959 akiitetea elimu ya tiba ya Bunyoro kuwa mapokeo yenye uchunguzi ndani yake, na zipo taarifa za upasuaji unaofanana kutoka Rwanda. Elimu hiyo haikupata muda wa kuandikwa. Kuanzia 1893 Waingereza walipigana na Kabalega, vijiji vikachomwa, njaa na maradhi vikafuata, na mwaka 1899 mfalme mwenyewe akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Shelisheli.

Swali lako la mwisho, la mimba nyingine, ndilo linaloonyesha mpaka wa kazi ile. Mkato wa wima kwenye sehemu ya juu ya mfuko hupita kwenye msuli mnene, ambao katika mimba ijayo hutanuka na wakati wa uchungu huvuta kwa nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote. Hata ukishonwa vizuri kwa nyuzi za leo, kovu la namna hiyo hupasuka katika takribani wanawake 4 hadi 9 kati ya 100 wakipata uchungu, wakati kovu la mkato wa mlalo wa sehemu ya chini hupasuka kwa kama 1 au chini yake. Ferdinand Kehrer wa Ujerumani alijaribu mkato huo wa chini mwaka 1881, na John Munro Kerr wa Glasgow ndiye aliyeupigania hadi ukawa wa kawaida katika miaka ya 1920 na kuendelea. Kovu lisiloshonwa kabisa, lililofungwa na mkazo wa msuli tu, huwa na sehemu nyembamba zaidi. Kwa hiyo mama wa Kahura angeweza kubeba mimba, lakini uchungu wa pili ungekuwa wa hatari kwake kuliko wa kwanza. Ndiyo sababu, ukimpokea kliniki mama mwenye kovu, usiishie kutazama ngozi. Mstari wa mlalo kwenye ngozi hauthibitishi mkato wa mlalo ndani. Tafuta karatasi ya upasuaji wa kwanza uone mfuko wenyewe ulikatwa vipi, na kama ni wa wima, mpangie operesheni kabla uchungu haujaanza.